Wazo ni Shahidi, si Hakimu

Msomaji, katika lugha yetu umo msemo mfupi ambao sote twautumia na wachache wetu huutazama. Mtu akikonda, akipenda kukaa peke yake, akisukuma sahani kabla hajala, akiulizwa hili akajibu lile, majirani hawasemi kwamba ana maradhi. Husema, "Ana mawazo." Hawakusudii kumsifu kwa hekima. Wanakusudia kwamba mawazo yamemwingia kama maji yaingiavyo mtumbwini, na kwamba asipopata wa kumsaidia kuyatoa huenda akazama. Neno lile lile linalotaja kazi ya akili ndilo linalotaja mzigo wa moyo. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, ambalo maana yake ni kufikiri kupita kiasi, nao hulitumia kwa mtu wa hali hiyo hiyo. Yaonekana kwamba watu wa kawaida walijua zamani kuwa ipo njia itokayo katika wazo ikafika katika ugonjwa.

Tangu miaka ya 1960 matabibu wa akili wameitafuta njia hiyo ili waifuate kwa kurudi nyuma, kutoka ugonjwa hadi wazo, na kutoka wazo hadi nafuu. Mafundisho mawili yaliyotokana na kazi yao yameenea duniani. La kwanza ni tiba ya mawazo na mwenendo. La pili ni uzingatifu, yaani kuuhudhurisha moyo katika saa iliyopo, bila kukimbilia jana wala kesho. Yote mawili husifiwa sana, hata shuleni. Lakini kitu kinachosifiwa sana aghalabu hupata wafuasi kabla hakijapata wapimaji. Katika kurasa hizi nataka tuyapime: yana kweli gani, na yanapungukiwa wapi? Mpimaji si adui wa kipimwacho. Apepetaye mchele hauchukii mchele, huchukia pumba.

Tuanze na la kwanza. Mwalimu wake mkuu alikuwa Aaron Beck, daktari wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1921 akafariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100. Katika ujana wake alisomea elimu ya Freud, iliyofundisha kwamba mtu mwenye huzuni kuu, ile ambayo siku hizi huitwa sonona au unyogovu, ana hasira iliyofichika ambayo ameigeuza ikamwelekea mwenyewe. Beck alitaka kulithibitisha jambo hilo, akachunguza ndoto za wagonjwa. Alitafuta hasira, akakuta mambo mengine: ndoto za kupotewa, za kushindwa na za kukataliwa. Mtu wa tabia nyingine angaliyafunika matokeo hayo ili aiokoe elimu aliyoitolea jasho. Beck aliyashika matokeo, akaiacha elimu.

Aliposikiliza zaidi alitambua kwamba katika akili ya mgonjwa hupita maneno mafupi na ya haraka, ambayo mwenyewe hakuyaita wala hayahoji. Mengi yalihusu mambo matatu: nafsi ya mgonjwa, dunia inayomzunguka, na wakati ujao. Nafsi haina thamani. Dunia haina huruma. Kesho haina tumaini. Mwaka 1979, pamoja na John Rush, Brian Shaw na Gary Emery, alitoa kitabu kilichoitwa Cognitive Therapy of Depression, na kwa kitabu hicho matabibu wengi walijifunza namna ya kuyafuata maneno hayo na kuyatia katika mizani.

Mfano utatufaa kuliko maelezo. Tuseme mwanafunzi wa shule ya sekondari amepata alama 28 katika mtihani wa hisabati. Karatasi ingali mkononi mwake, na tayari maneno matatu yamekwisha kupita akilini: "Mimi ni mjinga. Sitafaulu kamwe. Wazazi wangu wanatupa fedha zao." Tazama jinsi maneno hayo yalivyo. Kila moja limetoka kwa sauti ya hakimu asomaye hukumu, wala hakuna kesi iliyosikilizwa. Tiba ya Beck yamtaka kijana amwondoe msemaji huyo katika kiti cha hakimu, amsimamishe mahali pa shahidi, kisha amwulize maswali. Umejuaje kwamba mimi ni mjinga? Kwa alama 28. Je, alama hizo zathibitisha ujinga, au zathibitisha kwamba sikuielewa milinganyo? Katika masomo mengine nilipata ngapi? Umesema sitafaulu kamwe. Wewe shahidi, kesho umeiona lini? Na kama rafiki yangu angalipata alama hizo hizo, ningalimwita mjinga?

Shahidi akihojiwa hivyo hupunguza sauti. Mwisho wa mahojiano kijana hafiki katika neno la kujisifu, hafiki katika kusema, "Mimi ni bingwa." Hufika katika neno la kadiri: "Milinganyo sijaielewa, muda ningali nao, na mwalimu yupo." Hapo ndipo ulipo uzuri wa fundisho hili, na hapo ndipo wengi wanaolisifu wanapolikosea. Wao hudhani kwamba tiba hii ni kujipaka asali, yaani kufukuza mawazo mabaya na kuyaalika mazuri. La! Aliyepata alama 28 akajiita bingwa amebadilisha uongo mchungu kwa uongo mtamu, na mtihani ujao utamwumbua. Tiba hii haimwambii mtu awaze mema. Humwambia awaze kweli. Ni elimu ya ushahidi, si elimu ya faraja.

Wala isidhaniwe kwamba ni anasa ya matajiri. Katika vijiji vya Rawalpindi, nchini Pakistani, wanawake wahudumu wa afya, ambao si madaktari, walifundishwa njia hii wakawatembelea kina mama wajawazito wenye sonona. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Watoto walipofika miezi sita, kina mama 23 katika kila 100 waliopata mafunzo walikuwa wangali na ugonjwa. Miongoni mwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa 53 katika kila 100. Hiyo si tofauti ya kudharauliwa.

Lakini jina la tiba hii lina sehemu mbili, mawazo na mwenendo, na sehemu ya pili ina kesi yake. Mtu mwenye sonona hujitenga na watu. Akijitenga hukosa mambo yaliyokuwa yakimfurahisha. Akiyakosa huzuni huzidi. Ikizidi hujitenga zaidi. Tiba humtaka aikate duara hiyo kwa kitendo kidogo: aoge, atoke nje, amwagilie mboga, amtembelee rafiki, hata kama moyo haujataka. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake, huko Seattle, walitangaza uchunguzi juu ya wagonjwa wapatao 150. Baadhi walipewa sehemu ya vitendo peke yake. Wengine walipewa tiba nzima, pamoja na kuyahoji mawazo. Wale wa vitendo walipona sawasawa na wale wa tiba nzima. Uchunguzi huo haukuibomoa tiba, lakini uliitia ufa nadharia yake. Yamkini mara nyingine si hoja inayomtoa mtu shimoni, bali ni mguu wake mwenyewe.

Sasa nataka nilitaje pungufu ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine. Mwanafunzi wetu wa kwanza alisumbuliwa na wazo la uongo. Mchukue wa pili, aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Amekaa kizingitini wiki ya tatu, na wazo lake ni hili: "Wenzangu wananiacha nyuma." Mhoji shahidi huyo upendavyo, hasemi uongo. Wenzake wanamwacha nyuma kweli. Ukimwambia mtoto huyo kwamba ugonjwa wake umo katika namna yake ya kufikiri, hukumtibu. Umemtukana, tena umemwondolea lawama aliyestahili kulaumiwa.

Hoja hii ina historia ndefu. Epictetus, mwanafalsafa aliyekuwa mtumwa katika dola ya Rumi, alifundisha kwamba kinachotusumbua si mambo yenyewe, bali ni hukumu tunazoyatolea. Matabibu wa mawazo humtaja kama babu yao. Fundisho hilo, mtumwa akijiambia mwenyewe, ni uhuru, maana humwachia mahali pamoja ambapo bwana wake hawezi kufika. Lakini bwana akimwambia mtumwa wake maneno hayo hayo, yamekuwa pingu nyingine. Basi kila mtu anapokuhimiza ubadilishe mawazo yako, msomaji, usitazame neno tu. Tazama na msemaji. Je, ni rafiki anayetaka upumue, au ni mwenye deni lako anayetaka unyamaze?

Jibu moja la kufaa lilipatikana hapa hapa Nairobi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetunga utaratibu mfupi wa kuwasaidia watu wenye dhiki ya moyo: mikutano mitano tu, mtu na msaidizi wake, na msaidizi si daktari. Ulijaribiwa kwa wanawake 518 wa mitaa ya Nairobi, wengi wao wakiwa wamepatwa na ukatili, na matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Baada ya miezi mitatu wale waliofuata utaratibu huo walikuwa na dhiki pungufu kuliko wenzao waliopata msaada wa kawaida. Si kwa muujiza, bali kwa kiasi cha kutia moyo. Linalostahili kuzingatiwa na mhakiki ni hili: watunzi wa utaratibu huo waliiacha kwa makusudi ile kazi ya kubishana na mawazo. Walibakiza kupumua polepole, kurudia shughuli zilizoachwa, kutafuta watu wa kumshika mtu mkono, na kuzigawa shida katika mafungu matatu: zinazotatulika, zisizotatulika, na zisizo na uzito. Mwanamke aliyepigwa hakutakiwa ahoji kama amepigwa. Aliulizwa, katika shida zako, ni ipi tunayoweza kuanza nayo leo?

Hilo ndilo dawa ya wazo la kweli. Wazo la uongo huulizwa maswali. Wazo la kweli huhitaji mikono. Mtoto wa karo hahitaji mahojiano ya akili. Ahitaji mzazi aende kuzungumza na mwalimu mkuu, ahitaji daftari la rafiki anukuu yaliyofundishwa, ahitaji watu wazima wanaouona msiba wake kuwa ni wao.

Lakini lipo wazo la aina ya tatu, ambalo ni kweli na halina la kufanyiwa. Mama wa mwanafunzi amefariki. Wazo lasema, "Sitamwona tena." Hapana swali la kulihoji, wala hapana kitendo cha kulitengua. Maji yakimwagika hayazoleki. Hapa ndipo lilipo fundisho la pili, la uzingatifu.

Mwaka 1979, ule ule uliotolewa kitabu cha Beck na wenzake, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, mjini Worcester. Wanafunzi wake walikuwa wagonjwa, na wengi wao walikuwa na maumivu ya siku nyingi ambayo madaktari walishindwa kuyaondoa. Kabat-Zinn alichota katika desturi za Wabudha za kukaa kimya na kuitazama pumzi, akaziondolea mavazi ya ibada, akazipanga katika wiki nane. Zoezi moja mashuhuri ni kula zabibu kavu moja tu, polepole: kuitazama, kuinusa, kuiweka ulimini, kuitafuna kama mtu asiyewahi kuiona. Asiyejua atacheka. Lakini zoezi hilo lafunza jambo zito, kwamba akili ya mtu mara chache huwa mahali ulipo mwili wake. Mwenye maumivu huumwa leo, na juu ya maumivu ya leo huongeza kumbukumbu ya maumivu ya jana na hofu ya maumivu ya kesho. Uzingatifu hauondoi la leo. Humfundisha mtu kutoyabeba yote matatu kwa mara moja.

Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyaunganisha mafundisho haya mawili, ili wawakinge watu waliokwisha kupona sonona wasirudiwe nayo. Mwaka 2000 walitangaza matokeo ya watu 145. Miongoni mwa wale waliokuwa wameugua mara tatu au zaidi, waliorudiwa na ugonjwa bila mafunzo walikuwa 66 katika kila 100. Waliofunzwa walikuwa 37. Lakini wale waliokuwa wameugua mara mbili tu hawakupata faida hiyo. Angalia uaminifu wa matokeo hayo: dawa ile ile, kwa watu wa ugonjwa ule ule, ilifaa hapa isifae pale.

Sisi hatukosi mfano wa jambo hili katika desturi zetu. Kukiwa na matanga, watu huja wakakaa chini pamoja na mfiwa. Hakuna anayembishia kilio chake, wala anayemwambia kwamba ameyafikiri vibaya. Hukaa tu, chai huletwa, mkeka hutandikwa, usiku hupita. Uzingatifu, ukifundishwa vizuri, ni mtu kuukalia matanga moyo wake mwenyewe: kuliacha wazo lije, lilie, lipumzike, bila kulifukuza na bila kuondoka nalo.

Hata hivyo fundisho hili nalo lina ila zake. Kwanza, si kila kimya ni shifaa. Kwa baadhi ya watu waliopatwa na mambo ya kutisha, kufumba macho na kukaa peke yao na mawazo huyarudisha mambo yale yale. Watu kama hao wahitaji tabibu mjuzi karibu nao. Pili, fundisho hili limekuwa bidhaa, na bidhaa hutiwa sifa kupita uzito wake. Mnamo mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza katika shule 85, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000. Walimu walifundishwa uzingatifu, nao wakawafundisha wanafunzi wao darasani. Ulipofika wakati wa kupima, afya ya akili ya wanafunzi hao haikuwa bora kuliko ya wenzao waliopata masomo ya kawaida ya malezi. Wengi hawakufanya mazoezi walipokuwa nyumbani, na wengine yaliwachosha. Habari hiyo yatuhusu sana, maana shule hupenda jambo linaloweza kutiwa katika ratiba. Lakini utulivu wa moyo haupigiwi kengele. Darasa zima likiamrishwa lifumbe macho kwa dakika kumi, halafu likarudishwa katika matusi, viboko na hofu ya mitihani, limefundishwa nini ila kwamba wakubwa hawataki kusikia kelele za moyo?

Basi hukumu yangu ni hii. Mafundisho haya mawili ni ya kweli, na kila moja lina mahali pake. Kosa huingia linapopelekwa mahali pa lingine. Wazo likikujia na kukulemea, kwanza ulijue ni la aina gani. Kama ni la uongo, au limetiwa chumvi, lihoji kama shahidi, kwa kalamu na karatasi, mpaka likiri. Kama ni la kweli na lina dawa, usikae kulihoji. Tafuta mikono, yako na ya wengine. Kama ni la kweli na halina dawa, likalie matanga. Anayemhoji mfiwa ni mkatili. Anayemwambia maskini avute pumzi tu ni mvivu wa haki. Na anayekubali kila tusi linalopita akilini mwake amejifanya mfungwa bila kesi.

Neno moja limebaki, nami nalisema kwa uzito. Mizani hii ni ya mtu ambaye mkono wake ungali na nguvu za kuishika. Ikiwa huzuni imekaa wiki kadhaa, usingizi umekimbia, chakula hakina ladha, au likikujia wazo la kwamba ni afadhali usiwepo, usilipime peke yako. Wazo hilo si la kuhojiwa usiku chini ya blanketi. Mwendee mzazi, mwalimu, muuguzi au mtu mzima unayemwamini, umwambie kwa maneno wazi siku hiyo hiyo, na akushike mkono mpaka hospitali. Sonona ni maradhi kama malaria. Si dhambi, si uvivu, wala si aibu ya ukoo. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, nao hawakuwa na maradhi ya mwili peke yake akilini.

Na wewe ambaye moyo wako leo ni mwepesi, una kazi yako. Ule msemo wetu haukukosea, ila umezoea kukatika mapema. Twasema, "Ana mawazo," tukatikisa kichwa, tukapita. Siku nyingine usipite. Kaa karibu naye, umwulize, "Mawazo gani?" Kisha unyamaze, usikilize jibu mpaka mwisho.